Taka za zahanati ya kijiji chako zinaishia wapi?

Mwezi uliopita msikilizaji wetu mmoja, mama wa watoto watatu, alitupigia simu akiwa na hofu. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amerudi nyumbani na mabomba matatu ya sindano, moja likiwa bado na sindano yake. Watoto walikuwa wanacheza udaktari. Walipoulizwa wameyatoa wapi, walionyesha kwa kidole: kwenye shimo nyuma ya zahanati, kule ambako hata mbuzi huingia.

Mama yule hakutaka tumtaje mtu. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza: nimfanye nini mtoto? La pili: hivi zile taka za zahanati ni za nani, ili nijue pa kwenda kulalamika? Swali la kwanza tulimjibu papo hapo. La pili lilitutoa ofisini, tukazunguka zahanati tatu na kituo kimoja cha afya ndani ya eneo linalofikiwa na matangazo yetu. Hatutazitaja kwa majina. Tuliokutana nao walizungumza kwa uwazi, na tuliyoyaona hayakutofautiana sana kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Tuanze na mtoto, maana lake lina saa zake.

Sindano ikikuchoma

Mtu akichomwa na sindano iliyookotwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asilikamue, asilinyonye, asilimwagie jiki wala mafuta ya taa. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya ajali ya namna hii zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Humezwa kwa siku 28. Anayeamua kama zinahitajika ni mtaalamu, si jirani. Kusubiri mpaka Jumatatu kwa sababu tukio limetokea Ijumaa jioni ni kosa.

Watu wengi wakisikia sindano chafu huwaza UKIMWI peke yake. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema jambo jingine. Mtu akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI ni watu 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya C ni kama watu 18 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya B ni watu 300 kati ya 1,000, na virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili wa binadamu kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado vina uwezo wa kuambukiza. Watoto wetu wa siku hizi huchanjwa dhidi ya homa hiyo kupitia ile chanjo inayoitwa penta. Wengi wetu watu wazima hatukuipata.

Mtoto wa msikilizaji wetu alipelekwa zahanati jioni ile ile. Hakuwa amechomwa.

Ndoo tatu ndani, toroli moja nje

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika taka zote zinazotoka kwenye huduma za afya, asilimia 85 ni taka za kawaida. Ni maboksi ya dawa, karatasi, maganda ya machungwa ya ndugu waliokuja kuuguza. Asilimia 15 zilizobaki ndizo hatari: damu, sindano, bandeji zenye usaha, kemikali, dawa zilizoharibika.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa zahanati ndogo. Tuseme kwa siku inatoa kilo 10 za taka. Zikitenganishwa vizuri, kilo 8 na nusu ni za kutupwa kama taka za nyumbani, na kilo 1 na nusu tu ndizo zinazohitaji uangalizi. Zikichanganywa kwenye chombo kimoja, kilo zote 10 zinakuwa taka hatari, kwa sababu hakuna atakayeingiza mkono humo kuchambua boksi la karatasi kutoka kwenye pamba yenye damu. Kwa hiyo zahanati isiyotenganisha inajiongezea mzigo mara sita, kisha inalalamika kwamba kichomea taka hakitoshi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kuna ndoo ya bluu au nyeusi kwa taka za kawaida, ya njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile zenye maambukizi makali. Vitu vyenye ncha kali vinaingia kwenye kisanduku salama, lile boksi la njano la karatasi ngumu linaloonekana mezani siku ya kliniki ya watoto. Boksi la lita 5 linabeba kama sindano 100. Linapojaa robo tatu linafungwa, halishindiliwi. Hata kipimo kimoja cha haraka cha malaria kinafuata njia hizo: kifuko chake kinaenda ndoo ya kawaida, glavu na pamba ndoo ya njano, na kile kisindano cha kutobolea kidole kwenye boksi.

Katika vituo vinne tulivyotembelea, vitatu vilikuwa na ndoo za rangi zote, safi, zenye vifuniko na maandishi. Tulifurahi. Kisha tukaomba kuonyeshwa safari ya ndoo hizo mpaka mwisho. Katika viwili kati ya hivyo vitatu, mhudumu wa usafi alifika na toroli moja, akamimina ndoo zote ndani yake, akalisukuma hadi shimoni. Kazi yote ya kutenganisha iliyofanywa na wauguzi tangu asubuhi iliishia mlangoni. Hatumlaumu mhudumu yule. Alikuwa na toroli moja, na shimo lilikuwa moja.

Huyu mhudumu wa usafi anastahili kuzungumziwa zaidi ya anavyozungumziwa. Mara nyingi ni mama wa kijiji hicho hicho, kibarua anayelipwa kutoka kwenye makusanyo ya kituo, na mwezi ambao makusanyo ni madogo malipo yake huchelewa. Ndiye anayegusa kila kitu ambacho daktari na muuguzi wamemaliza kukigusa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe vifaa vya kujikinga. Tuliyemkuta kwenye zahanati ya pili alikuwa na glavu za kupimia wagonjwa, zile nyembamba ambazo sindano inazipita kama inavyopita kwenye kitambaa, na ndala miguuni. Tulipomuuliza kuhusu chanjo ya homa ya ini, aliuliza kama ni ya watoto.

Mkoa wa Kagera ulipopata mlipuko wa virusi vya Marburg mwezi Machi 2023, watu 9 waliugua na 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Ugonjwa wa namna hiyo husambaa kwa kugusana na damu na majimaji ya mwili. Shuka, glavu na ndoo ya mgonjwa mmoja vinaweza kumwangusha mtu anayeviondoa, na siku hiyo mwenye toroli hatakuwa na muda wa kujifunza rangi za ndoo.

Za nani?

Sasa swali la pili la mama yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mambo kadhaa yanayotuhusu moja kwa moja. Kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye kuleta afya, na anaweza kuchukua hatua haki hiyo inapoguswa. Kila mtu pia ana wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Anayechafua ndiye anayebeba gharama. Taka zinazotoka kwenye matibabu zinahesabiwa katika kundi la taka hatarishi, na taka hatarishi hazikusanywi, hazisafirishwi wala haziteketezwi kiholela; zinahitaji vibali na usimamizi. Ipo pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo inawapa maafisa afya meno yao.

Kwa lugha ya kijijini: mwenye taka ni yule aliyezizalisha, na anabaki mwenye nazo mpaka zimalizike kabisa. Hospitali binafsi haiwezi kusema tulishampa mtu wa mkokoteni. Vivyo hivyo maabara ya mtaani, kliniki ya meno, na yule anayepiga watu sindano uchochoroni nyuma ya duka la dawa, ambaye kwanza hata hiyo kazi yenyewe hakuruhusiwa kuifanya.

Kwa zahanati ya serikali, mwenye taka ni Halmashauri. Hapa ndipo tunapoona tatizo ambalo halitibiwi kwa semina. Halmashauri ndiyo inayomiliki zahanati, inamwajiri mganga mfawidhi, inamiliki shimo na kichomea. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo yenye afisa mazingira na afisa afya wanaotakiwa kukagua kama shimo na kichomea vinafuata sheria. Wahenga wa mitaani wangesema ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Afisa afya wa kata anayeandika ripoti kwamba zahanati inachoma taka vibaya anamwandikia bosi wake kuhusu bosi wake.

Jicho la nje lipo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, tunalolijua kwa kifupi chake NEMC, lina mamlaka ya kukagua na kutoza faini. Lakini linafanya kazi kwa kanda, na kanda moja ina mikoa kadhaa. Mkaguzi wa kanda atafika kwenye hospitali kubwa na viwanda kabla hajafikia zahanati iliyo kilomita 70 kutoka barabara ya lami. Hata akifika, afanye nini? Kiwanda kinaweza kufungwa mpaka kirekebishe. Zahanati pekee inayohudumia vijiji vitatu ukiifunga, anayeadhibiwa ni mjamzito. Faini nayo italipwa na fedha zile zile ambazo zingenunua glavu. Ndiyo maana kwa zahanati za vijijini sisi tunaona kwamba adhabu, ambayo ndiyo silaha kuu ya sheria ya mazingira, haina makali. Makali yako kwenye bajeti na kwenye watu wanaoiona zahanati kila siku.

Kichomea si jiko la mkaa

Nyuma ya zahanati nyingi utakuta kijumba cha matofali chenye bomba la moshi. Vingi vya vichomea hivi vinafuata au vinaiga ramani iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza, iliyokusudiwa kwa nchi zisizo na fedha nyingi: matofali, vyuma vichache, hakuna umeme. Ni ubunifu mzuri ukitumika ilivyokusudiwa.

Ndani yake kuna vyumba viwili. Cha kwanza kinachoma taka, cha pili kinauchoma moshi wa taka. Ili chumba cha pili kifanye kazi, kichomea lazima kiwashwe kwanza kwa kuni kavu mpaka kipate moto mkali, zaidi ya nyuzi joto 800, ndipo boksi la kwanza la sindano liingie. Kwa vichomea vya hospitali Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi joto kati ya 850 na 1,100, tena vikiwa na mtambo wa kusafisha moshi, ambao vile vya matofali havina kabisa. Jiko la mkaa la mama lishe halifiki huko, na moto wa shimoni hauna hata mlango wa kuzuia upepo.

Tofauti ya joto ndiyo tofauti ya moshi. Mabomba ya dripu, mifuko ya maji ya dripu na baadhi ya mipira imetengenezwa kwa plastiki yenye klorini. Ikichomwa kwa moto hafifu inatoa sumu zinazoitwa dioksini na furani, ambazo baadhi zinasababisha saratani na huchukua miaka mingi kuisha. Tanzania imeridhia Mkataba wa Stockholm unaozitaka nchi zipunguze sumu hizo. Watu wengi hudhani hatari yake ni kuuvuta moshi. Moshi una madhara yake, lakini zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazoingia kwa binadamu huja kwa chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Inatua kwenye majani, ng'ombe anakula majani, mtoto anakunywa maziwa. Kwa hiyo anayefuga karibu na shimo linalofuka moshi mweusi ana sababu ya kuuliza hata kama upepo unavuma upande wa pili.

Kuna vitu havitakiwi kuingia humo kabisa. Vichupa vya dawa vya kioo hupasuka kwa joto na kumrukia mchomaji. Kipimajoto cha zebaki kikichomwa, zebaki inageuka mvuke. Dawa zilizokwisha muda zina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na haziteketezwi bila kibali chake. Ndiyo sababu utakuta stoo ya kituo ina maboksi ya dawa zilizoharibika yanayosubiri mwaka mzima. Kondo la nyuma la mama aliyejifungua pia halichomwi. Lina maji mengi, linazima moto na kuharibu kazi yote. Linaenda kwenye shimo lake lililojengewa, lenye mfuniko wa zege na bomba la kutoa hewa, mahali ambapo maji ya ardhini hayako karibu. Ziko familia zinazoomba kulichukua na kulizika nyumbani kwa mila zao. Wauguzi waliliongelea bila kushangaa, na wasiwasi wao ulikuwa mmoja tu: libebwe kwenye chombo kisichovuja na lizikwe chini vya kutosha ili mbwa wasilifukue.

Hata ukichoma vizuri, sindano haiyeyuki. Chuma kinabaki kwenye majivu, kimechomwa lakini bado kinachoma. Majivu yanahitaji shimo lake lenye kufungwa. Katika kituo kimoja tulikuta majivu yamerundikwa pembeni ya njia inayoelekea bombani.

Vichomea vitatu kati ya vinne tulivyoviona vilikuwa na kasoro. Kimoja kilikuwa na ufa uliotokana na kuwashwa siku ya mvua. Kingine bomba lake la moshi lilikuwa limeliwa na kutu mpaka nusu. Cha tatu hakikuwa na mlango: mlango wa chuma uliibiwa, inadhaniwa ukaenda kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Tangu mlango uondoke, taka zikarudi kuchomwa kwenye shimo la wazi, na hilo ndilo shimo walikookota watoto wale.

Kuna njia nyingine isiyo ya moto. Ni mtambo wa mvuke unaoua vijidudu kwa joto la nyuzi 121 au zaidi chini ya mgandamizo, baada ya hapo taka hutupwa kama za kawaida. Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, zilizoingia kwenye mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa wa kuleta mitambo hiyo hospitalini na kupunguza zebaki. Kwa hospitali yenye umeme na maji ya uhakika ni suluhisho bora kuliko moshi. Kwa zahanati inayotumia sola ya taa mbili na jokofu la chanjo, bado.

Gari linaloondoka tupu

Je, kila zahanati inahitaji kichomea chake? Sisi tunadhani hapana, na hapa tunajua baadhi ya wasomaji wetu hatutakubaliana.

Zahanati ndogo inaweza kuchukua wiki kadhaa kujaza boksi moja au mawili ya sindano. Kuijengea kijumba cha matofali, kutafuta kuni, kumfundisha mchomaji ambaye mwakani atakuwa mwingine, halafu kukarabati kila baada ya miaka michache, ni gharama kubwa kwa sindano 200. Wakati huo huo gari au pikipiki ya Halmashauri huja kuleta chanjo na maboksi mapya. Linakuja limejaa, linaondoka tupu. Kwa nini lisiondoke na maboksi yaliyojaa, yamefungwa na kuandikwa, kuyapeleka kwenye hospitali ya wilaya yenye kichomea kizuri au mtambo wa mvuke? Kwenye kampeni kubwa za chanjo jambo hili huwekwa kwenye mpango. Kampeni ikiisha, mpango nao unaisha.

Mganga mfawidhi mmoja alitueleza kwa nini hafanyi hivyo: anaogopa. Amesikia kwamba kusafirisha taka hatarishi bila kibali ni kosa, na ni kweli. Kuzichoma nyuma ya zahanati hakuna aliyemuuliza. Yaani sehemu ya sheria iliyo kali inamsukuma kwenye jambo baya zaidi. Dawa yake si kuilegeza sheria. Kibali cha kusafirisha kinapaswa kuombwa na Halmashauri kwa ajili ya vituo vyake vyote, chombo kiandaliwe, dereva afundishwe, na kila boksi liandikwe lilikotoka na lilikopokelewa. Mganga wa zahanati peke yake hawezi.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Masika barabara hukatika, na maboksi yatarundikana miezi miwili. Ya pili ni ya majirani wa hospitali ya wilaya: moshi wa wilaya nzima utakuwa wao. Kwa hoja ya kwanza, zahanati inahitaji chumba kidogo kinachofungwa kwa ajili ya kuhifadhi, na hicho ni rahisi kuliko kichomea. Kwa hoja ya pili hatuna jibu jepesi, zaidi ya kwamba kichomea kimoja mkaguzi anaweza kukisimamia, na thelathini hawezi.

Suala hili haliwezi kusubiri kwa sababu taka zinaongezeka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi zaidi ya bilioni 8 za chanjo ya UVIKO-19 zilizotolewa duniani zilizalisha tani 144,000 za ziada za sindano, mabomba na visanduku, na kwamba katika nchi maskini zaidi vituo 60 kati ya 100 havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka walizokuwa nazo. Hapa kwetu, makato ya miamala ya simu yaliyoanza Julai 2021, ambayo kila msomaji wetu mwenye simu anayakumbuka, yalijenga vituo vya afya kwenye tarafa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wenye bima watakwenda kutibiwa zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Kila anayetibiwa anaacha kitu kwenye ndoo.

Fedha zipo kidogo, lakini zipo karibu kuliko zamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, bila kupita mfuko mkuu wa wilaya. Kituo kinaandaa mpango wa mwaka, na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, inaupitisha. Tuliomba kuona mipango hiyo. Taka zilikuwa mstari wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, na mmoja uliandika tu neno "usafi" na kiasi kinachotosha mafagio na sabuni.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na zahanati ni ajenda halali. Wajumbe wa kamati ya kituo wanatoka kwenu, waulizwe. Mpango wa mwaka huu umetenga shilingi ngapi kwa taka? Kichomea kinawashwa siku gani, na kuni zinatoka wapi? Mhudumu wa usafi ana buti na glavu nene? Amechanjwa? Shimo lina uzio na kufuli, na ufunguo anao nani? Mara ya mwisho afisa afya kukagua ilikuwa lini, na aliandika nini? Majibu yakikosekana, mtendaji wa kijiji apeleke barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na nakala kwa afisa mazingira wa Halmashauri. Ikipita miezi bila majibu, barua iende ofisi ya kanda ya NEMC, ikiwa na picha. Simu zenu zina kamera. Mpigeni picha shimo, msiwapige wagonjwa.

Nasi nyumbani tuna ya kwetu. Wapo wenye kisukari wanaojidunga insulini kila siku, na wafugaji wanaochanja ng'ombe na kuku. Sindano hizo zisitupwe chooni wala kwenye jalala la shambani. Chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, kama ya dawa ya kuoshea vyombo, inatosha. Ikijaa robo tatu ifungwe kwa gundi ya karatasi, muulize mganga wa zahanati au mtaalamu wa mifugo wa kata yako aipokee. Usiirudishie sindano kifuniko chake baada ya kuitumia. Hapo ndipo wengi hujichoma.

Tulirudi kwenye zahanati ya watoto wale wiki iliyopita. Mwenyekiti wa kijiji na mganga mfawidhi walikuwa wameitisha watu siku moja ya msaragambo, wakalizungushia shimo uzio wa miiba na kuweka lango la mbao. Halikuhitaji bajeti. Maboksi ya sindano yanafungiwa stoo, yanasubiri gari. Mlango mpya wa kichomea umeandikwa kwenye mpango wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai, na kamati imeuongezea mstari wa buti jozi moja. Ufunguo wa lango, kwa sasa, anao yule mama wa toroli.